Ajenti anataka kufunga saluni, yaya, dada yangu mkubwa, anataka mtoto wake abaki: nifanye nini na kona ya tatuu?

Mama Mshauri,

Pokea salamu zangu. Nakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi, na naomba jina langu lisitoke.

Nina saluni ya kusuka na kutengeneza kucha. Mtoto wa yaya wangu, kijana wa miaka 22 anayeniita mama mdogo, aliacha chuo kwa kukosa pesa ya masomo. Tangu utoto mkono wake unajua kuchora. Alipata mashine ya tatuu iliyopita mpakani Kasumbalesa ndani ya mizigo ya mfanyabiashara mmoja, akaja kuniomba kona. Nikamwekea pazia kule nyuma, karibu na ndoo za maji, tukapatana anipe kitu kila mwezi. Kazi ikashika. Wanafunzi wanakuja, wasichana wanataka kutoboa pua na kitovu, vijana wanataka jina la mama yao mkononi. Siku nyingine kona yake inaingiza kuliko viti vyangu vyote.

Shida imeanza na sikio. Msichana wa miaka 16 alikuja kutogwa sikio huku juu, pale pagumu, kwa sababu ya ndoa ya dada yake. Kijana akamtoga kwa bastola ya kutogea. Siku chache baadaye mama yake akaingia saluni akimshika mkono. Sikio lilikuwa limevimba hadi limesukumwa mbele, linang'aa, linatoa maji ya kijani, na mtoto hawezi kulilalia. Mama alipiga kelele mbele ya wateja. Sikumjibu, maana hata mimi ni mzazi. Nikatoa pesa ya famasia, wakapewa amoksilini, lakini mpaka ninapokuandikia uvimbe haujashuka.

Baada ya hapo akaja ajenti wa serikali, akisema ametumwa kwa mambo ya usafi. Akaangalia pazia, akaomba patanti, kibali cha biashara. Nikamwonyesha. Akasema patanti hii ni ya kusuka, haihusu tatuu, na atapiga muhuri mlangoni isipokuwa "tusikilizane". Alitaja dola. Hakuandika kitu chochote. Akasema atarudi.

Baba watoto anasema nilipe yaishe, kila saluni inalipa. Yaya wangu naye amesikia nataka kumtoa kijana, akanipigia simu: nikimfukuza mtoto wake nimemfukuza yeye. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki.

Kuna mambo mawili ambayo sijamwambia mtu. La kwanza, nilimwona kijana anafuta sindano kwa alkoli na kuirudisha kwenye boksi. Nilipouliza alisema ni ya mteja yule yule, atarudi kumalizia mchoro. Sikuridhika. La pili, wiki iliyopita alijichoma kidole akiitoa sindano kwenye mashine, akakifyonza, akaendelea na kazi.

Sheria inasema nini juu ya kazi hii? Nilipe? Nimtoe kijana? Nisaidie, usingizi umenitoka.

Mama mdogo, Katuba

JIBU

Dada yangu,

Kabla ya sheria, ajenti na yaya, kuna sikio la mtoto, na hilo halingoji. Ukimaliza kusoma sehemu hii mpigie mama yake simu, mkutane hospitali leo, si kesho. Umeeleza uvimbe wa sehemu ngumu ya sikio, maumivu, maji ya kijani, na amoksilini isiyofanya kazi. Sehemu hiyo ni gegedu, na gegedu halina mishipa yake ya damu: linalishwa na ngozi nyembamba iliyolifunika. Usaha ukiingia kati ya ngozi na gegedu, gegedu linakosa chakula na kufa, na likifa halioti tena. Mtoto anabaki na sikio lililokunjamana maisha yake yote. Kidudu kinachopatikana mara nyingi kwenye maambukizi ya sikio la juu kinaitwa Pseudomonas. Kinapenda maji na sehemu zenye unyevu, na amoksilini haikiwezi kabisa. Daktari ndiye atakayechagua dawa nyingine, ataangalia kama kuna usaha wa kutoa, na ataamua juu ya hereni. Msiitoe wenyewe nyumbani, tundu linaweza kuziba na usaha ukabaki ndani. Mwambieni daktari wazi kwamba sikio lilitogwa kwa bastola, na siku gani.

Bili ya hospitali ni yenu, wewe na kijana. Usingoje mama yule adai.

Sasa uelewe kilichotokea, maana kijana atakuambia ni bahati mbaya. Bastola ya kutogea haichomi tundu safi. Inasukuma hereni butu kwa nguvu ya springi, nayo inapasua gegedu badala ya kulipenya. Nyingi zina plastiki, kwa hiyo haziwezi kuingia kwenye mashine ya mvuke bila kuyeyuka, na damu inayorukia ndani haifikiwi na kitambaa. Bastola hata ikiwa mpya haifai kwenye gegedu. Na mwangalie pia ile chupa ya kupulizia dawa. Mwaka 2000, jimbo la Oregon huko Marekani, kioski kimoja cha kutoga masikio kiliambukiza wateja wake kidudu hicho hicho. Watu 7 walithibitishwa, wengine 18 walishukiwa, na baadhi masikio yaliharibika sura. Wakaguzi wa afya walipofuatilia waliifikia chupa ya dawa ya kusafishia, iliyokuwa ikijazwa tena na tena. Dawa ndiyo ilikuwa imebeba kidudu. Kona ya kijana wako iko karibu na ndoo za maji. Chupa zote zilizo pale mwaga, tupa.

Nikija kwenye kidole. Damu ya mteja inaweza kubeba mambo matatu makubwa: virusi vya UKIMWI, hepatiti C (homa ya ini), na hepatiti B, ambayo ndiyo inayoambukiza kwa urahisi kuliko zote kwenye mchomo wa sindano. Kwa UKIMWI kuna vidonge vya kuzuia, lakini lazima mtu aanze kabla ya saa 72 kupita, halafu ameze siku 28. Wiki iliyopita imeshapita, mlango huo umefungwa kwa mchomo huu. Usifungwe kwa mchomo ujao: akijichoma tena, aoshe kidole kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikifyonze, asikikamue, aende kituo cha afya saa hiyo hiyo. Kwa sasa apime vyote vitatu, arudie baada ya miezi 3. Asipopima kwa hiari hakuna wa kumlazimisha, na sheria ya 14 Julai 2008 inalinda siri ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI. Umwambie hivyo, kwa sababu vijana wengi wanakimbia kipimo kwa kuogopa midomo ya mtaa.

Chanjo ya hepatiti B iliingia katika ratiba ya watoto wetu Kongo mwaka 2007. Kijana wa miaka 22 alizaliwa kabla, kwa hiyo karibu hakika hakuipata. Inatolewa kwa watu wazima pia, dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Mtu anayeshika sindano zenye damu kila siku bila chanjo hii anahatarisha ini lake kwa pesa ya tatuu. Na wewe unayefagia chini ya pazia lake chanjwa pia.

Sindano iliyorudi kwenye boksi ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu namna hii. Hukuridhika, na ulikuwa na haki. Kufuta kwa alkoli si kuua vidudu vyote. Kirusi cha hepatiti B kinakaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, katika tone la damu lililokauka ambalo jicho haliwezi kuliona. Sindano ya tatuu inaingia kwenye ngozi maelfu ya mara kwa mchoro mmoja, na kila mara inaacha kitu na kuchukua kitu. Hata ikiwa ni kweli kwamba ilikuwa ya mteja yule yule, boksi lina sindano nyingine, na zote sasa zimegusana. Uliza pia juu ya wino. Akichovya sindano kwenye chupa kubwa, ile chupa nzima imekuwa damu ya watu wote waliochovewa humo. Wino unamiminwa kidogo kwenye kikombe kidogo, mteja akiondoka kikombe kinatupwa na wino wake, hata kama umebaki mwingi na roho inauma.

Wazazi wetu walifundishwa wakati UKIMWI ulipotushambulia: wembe mmoja, mtu mmoja. Vinyozi walielewa, waganga wa kienyeji wanaochanja chale walielewa. Mashine ya umeme haijafuta fundisho lile.

Tena usifikiri ni damu peke yake. Unajua jinsi mpoksi ilivyotutesa Kongo, hadi Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa Agosti 2024. Julai 2022, katika mji wa Cádiz huko Uhispania, watu 21 waliipata kwenye duka moja la kutoboa na kuchora tatuu, karibu wote kati yao walikuwa wametobolewa. Kirusi kilikutwa kwenye vyombo vya kazi.

Hapa naingia kwenye jambo ambalo hukuniuliza. Wateja waliokwisha kuchorwa au kutobolewa wana haki ya kujua. Najua litakuumiza na litakupunguzia wateja. Lakini hepatiti B na C zinaweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi bila dalili, huku ini linaharibika na yeye akimwambukiza mumewe au mtoto tumboni. Hepatiti C siku hizi ina vidonge vinavyoiponya kwa wiki 8 hadi 12, lakini haponi asiyejua kwamba anaumwa. Kijana anapanga kazi kwa simu, majina yako mle. Kaeni pamoja usiku mmoja, mmoja asome majina, mwingine aandike. Ujumbe uwe wa kweli na mfupi, kwa mfano: "Ndugu, ulihudumiwa kwenye kona yetu ya tatuu. Tumeona kwamba vyombo havikusafishwa inavyotakiwa. Tunakuomba upime hepatiti B, hepatiti C na virusi vya UKIMWI sasa, na urudie baada ya miezi 3. Tunaomba msamaha. Tupigie kwa lolote." Usiweke kwenye kikundi, mtumie kila mtu peke yake. Watakaokutukana utawavumilia. Kabla ya kutuma, pita kwenye kituo cha afya cha mtaa uwaambie watu watakuja, ili wasikute mlango wa mshangao.

Sasa sheria. Unauliza inasema nini, na watu wengi watakuambia Kongo hakuna sheria ya tatuu, kwa hiyo kila mtu afanye apendavyo. Si kweli. Kitabu cha tatu cha sheria zetu za madai, kilichotokana na dekreti ya 30 Julai 1888, kifungu 258 kinasema anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake lazima alipe, na kifungu 259 kinaongeza kwamba hata uzembe na kutojali vinamfunga. Mama wa msichana yule anaweza kusimama mbele ya hakimu na vifungu hivyo viwili tu. Sheria ya 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inamhesabu mtu mtoto hadi afike miaka 18. Miaka 16 aliyokuwa nayo ilitosha kijana aseme: rudi na mama yako. Na sheria namba 18/035 ya 13 Desemba 2018 ndiyo msingi wa afya ya umma nchini. Mlango wake karibu na wewe ni zoni ya afya ya Katuba, chini ya mganga mkuu wa zoni.

Patanti yako ni kibali cha biashara ndogo. Inaonyesha umelipa na unajulikana. Haisemi kitu juu ya usafi wa sindano. Kwa hiyo ajenti aliposema patanti ya kusuka haifuniki tatuu, alikuwa na hoja. Alipotaja dola bila karatasi, aliondoka kwenye kazi yake. Tenganisha mambo haya mawili kichwani kwako, la sivyo utajikuta unalipa rushwa ili uendelee kuhatarisha watu, au unamkataa ajenti na kudhani kwamba kumkataa kumeisafisha sindano.

Usilipe. Baba watoto anataka amani, namwelewa, lakini pesa ile haitanunua karatasi yoyote, na akija ajenti mwingine mwezi ujao utaanza upya. Fanya hivi: funga kona wewe mwenyewe leo, kabla ya muhuri wa mtu. Toa mashine, toa boksi, pazia lishushwe lifuliwe. Kisha nenda ofisi ya zoni ya afya, uombe kuonana na msimamizi wa maji na usafi, umwambie unataka kufungua huduma ya kutoga na kuchora kwa usafi, na unaomba aje aone, aandike anachotaka ubadilishe. Ukiwa na andiko lile, nenda komuni, kwa ofisi ya bugumestri, mkuu wa komuni, uombe shughuli hii iongezwe kwenye patanti. Ajenti akirudi mpe kiti, mpe maji, umwombe kwa heshima odri ya misheni yake, karatasi iliyomtuma, na umwonyeshe kona iliyofungwa na barua uliyopeleka zoni. Kama kuna faini, aiandike kwenye prosevebali, andiko rasmi la kosa, ulipe pale pesa ya serikali inapolipwa, upewe kitansi, yaani risiti. Wengi hukosa nguvu mbele ya mtu aliyekwisha kwenda kwa mkubwa wao.

Nchi nyingine wamepitia haya. Mji wa New York ulipiga marufuku tatuu mwaka 1961 kwa hofu ya hepatiti B, na marufuku ikakaa hadi 1997. Wachoraji hawakuacha kazi, waliingia vyumbani mwao, ambako hakuna mkaguzi anayebisha hodi. Uingereza ilichagua njia nyingine: sheria ya 1982 inaipa halmashauri ya mtaa uwezo wa kumwandikisha mchoraji na chumba chake, na kumwekea kanuni za usafi. Ufaransa, kwa dekreti ya 19 Februari 2008, mchoraji lazima ajiandikishe na apate mafunzo ya usafi, ambayo ni saa 21, na mtoto hahudumiwi bila kibali cha maandishi cha mzazi. Mimi nasimama upande huu wa pili. Kufunga pazia zote za Katuba kutawapeleka vijana kuchorana chumbani kwa sindano ya kushonea. Sisi wenye saluni tunaweza kuanza bila kungoja Kinshasa: wenye kona kama yako mkae, mwandike kanuni za ukurasa mmoja, mmpelekee bugumestri na mganga mkuu wa zoni mkiomba wazisaini na wawakague kwazo. Komuni ina baraza lake, ipewe kazi ya kufanya.

Sasa kijana. Usimtoe, na usimrudishe kazini kama alivyokuwa. Wakati kona imefungwa mpeleke akakae siku kadhaa na mwuguzi anayesafisha vyombo vya kushonea vidonda, aone kwa macho. Kituo kikiwa na otoklevu, ile mashine ya mvuke, ataona mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, na utepe wa pakiti unaobadilika rangi. Kikiwa na pupineli, ile tanuri kavu, ataona nyuzi 170 kwa saa 1 nzima. Na ataona jambo ambalo sisi wa Lubumbashi lazima tulijue: delestaji, umeme kukatwa, ikipita katikati, saa zote zinahesabiwa upya tangu mwanzo. Kuchemsha kwenye sufuria dakika 20 kunaua virusi vingi, lakini hakugusi mbegu za pepopunda. Mshumaa na kiberiti ni kujidanganya.

Vyombo vya chuma, koleo na mshikio wa mashine, mpatane na kituo kivichemshe kwa mvuke kwa malipo. Sindano zisirudi kabisa. Zinanunuliwa zikiwa zimefungwa moja moja, zenye tarehe ya mwisho, na bora ziwe katriji zenye utando ndani unaozuia damu isirudi kwenye mashine. Pakiti ifunguliwe mbele ya macho ya mteja. Zilizotumika ziingie kwenye bidoni gumu la plastiki, zisijazwe kupita robo tatu, kisha zipelekwe kituo cha afya zikachomwe. Zisiende kwenye jalala, kuna watoto wanaookota chupa pale kila asubuhi. Meza ipanguswe kwa javeli, dawa ya klorini, kati ya mteja na mteja: kama chupa imeandikwa asilimia 5, kipimo 1 kwa vipimo 9 vya maji, iliyochanganywa siku ile ile, na ikae dakika 10. Kona yenyewe ihame kutoka kwenye ndoo, iwe na maji yanayotiririka, sabuni, na glavu mpya kwa kila mtu.

Gegedu aliache mpaka ajue kutumia sindano ya kutobolea yenye tundu ndani, na bastola itupwe. Hereni ziwe za titani au chuma cha upasuaji. Wapo wanaoleta vipini vya shaba vilivyotengenezwa na mafundi wetu. Shaba ni fahari ya Katanga, lakini kwenye jeraha bichi inaoza rangi na kuwasha ngozi, isubiri tundu lipone. Ndewe inapona kwa wiki 6 hadi 8, kitovu na sikio la juu vinaweza kuchukua mwaka. Amuulize kila mteja kama ana historia ya kovu linalovimba, maana ngozi zetu nyingi zina tabia hiyo, na mwenye nayo aambiwe ukweli hata kama ni kumpoteza. Chini ya miaka 18 hakuna tatuu. Kutoga, mzazi awepo. Na daftari: jina, simu, siku, namba iliyo kwenye pakiti ya sindano.

Yaya wako usizungumze naye kwa simu. Nenda kwake, ufuatane na mama mkubwa au mtu anayemheshimu, na uanze na kidole cha mtoto wake. Mwambie: "Yaya, mtoto wetu amejichoma na damu ya mtu, sijalala tangu siku ile." Mzazi akisikia hivyo hatabaki kwenye maneno ya kufukuzwa. Mwombe asimame na wewe kwenye vipimo na chanjo, na achangie bili ya msichana. Aliyekulea hakukulea ili uogope kumwambia ukweli juu ya mwanawe.

Mpe kijana muda mtakaokubaliana mbele ya yaya. Akifanya haya yote, mfungulie. Asipofanya, kona uipangishe mshonaji, na sababu utakayompa yaya iwe sindano iliyorudi kwenye boksi, usimtaje mtoto kwa tabia yake.